Jibu la Swali la Kumi na Nne

Mwauliza, bwana afisa, kwa nini picha za harusi
zina bwana harusi, zina mashahidi, zina hata paka wa msikitini,
na bibi harusi hamna.

Sikuwepo.
Nilikuwa Kibokoni, ghorofa ya pili, chumbani kwa shangazi,
miguu juu ya mto, hina bado mbichi,
nimekatazwa hata kujikuna pua.
Msikitini alikwenda babangu, akaniozesha kwa sauti yake ya mafua,
na Msellem akajibu mara moja, hakukwama.
Nilisikia kwa kipaza sauti, pamoja na mtaa mzima,
na muuza mbaazi aliyesimamisha mkokoteni chini ya dirisha
akaitikia amin.
Kwetu ndivyo mtu anavyoolewa.

Cheti kimetafsiriwa, kina muhuri, shilingi elfu tatu.
Palipoandikwa *Wali: Mbarak Shee*,
mkalimani aliona wali wa nazi.
Sasa babangu, kwa lugha yenu, ni chakula.
Alipoambiwa alicheka mpaka akatafuta kiti,
kisha akauliza: "Na mchuzi ni nani?"

Nilipanda treni Miritini.
Nairobi wakachukua alama za vidole vyote kumi.
Kidole gumba kilikataa. Yule dada akakipangusa kwa kitambaa,
akasema watu wa jikoni ndivyo walivyo, moto umewafuta.
Wakanipiga picha ya kifua: kisafi, hakuna kitu.
Hakuna kitu!
Wakati wa kurudi niliishika ile picha dirishani
mpaka tukapita Mtito Andei,
natafuta.

Mwataka ushahidi kwamba twazungumza.
Haya. Miezi kumi na tisa ya simu,
kwa Kazungu wa fotokopi, Makadara, shilingi kumi ukurasa.
Kurasa mia nne na sita.
Kazungu hujifanya hasomi,
lakini kwenye ukurasa wa tisini alianza kutazama feni.

Mwanzo nilichagua maneno matamu.
*Lala salama, roho yangu. Umekula? Nimekuota.*
Nikayapanga kwa tarehe, nikayabana na pini.
Usiku nikayasoma upya, kama mgeni,
nikaona hata mimi nisingeyaamini.
Hayo tapeli pia anayajua,
pengine kutushinda.

Basi nimeyatoa.
Someni ukurasa wa mia mbili na kumi na mmoja.
Hapo tuligombana siku tatu kwa ajili ya friji.
Yeye yuko Cardiff, ametoka kufua mashuka ya hospitali
saa kumi na moja alfajiri, mikono inanuka dawa,
ananiambia nisinunue ya mtumba.
Mimi nishainunua.
Nishamlipa fundi wa Sparki aipake rangi ile kutu
isionekane kwenye picha.
Someni alivyoniita alipojua.
Someni nilivyomwita mamake...
hapana, hapo nimepitisha wino. Hayo ni yetu.
Kisha someni siku kumi na moja za mwezi wa Rajabu
ambazo ukurasa ni mweupe,
na ya kumi na mbili, saa nane za usiku, yeye:
*Kutu imerudi?*
Nami:
*Imerudi.*

Barua yenu ya kwanza ilisema hamjaridhika
kwamba twakusudia kuishi pamoja.
Bwana afisa, nani angegharimika hivi
kugombana na mtu asiye wake?

Friji inanguruma mgongoni mwangu ninapoandika.
Mna maji, mna nusu ya limau,
mna mkate wa sinia alioleta shangazi,
ambao nimeukata vipande viwili bila kufikiri.

Swali la kumi na tano:
*Je, umewahi kuitwa kwa jina jingine lolote?*
Nimetia alama: ndiyo.
Nafasi ya jina nimeiacha wazi.